Apareyi yako ya zamani haijafa: angalia karte kwanza

Mpiga picha ananunua karte mpya ya giga 64 Ijumaa jioni, kwa sababu Jumamosi kuna ndoa. Anaiingiza katika apareyi yake, Canon au Nikon ya okazyo ambayo imemlisha miaka mingi, na ekra inamjibu kwamba karte hii haiwezi kutumika. Anaitoa, anaipangusa kwenye shati, anairudisha. Jibu ni lile lile. Anarudi butike, muuzaji anaiweka ndani ya simu na inafunguka bila shida. Kama karte ni nzima, basi kinachobaki ni kusema apareyi imekufa.

Iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Uvira, hukumu ya namna hiyo inagharimu. Avansi ya watu wa ndoa imekwisha kutumika, apareyi ya kukodi inaomba pesa nyingine, na ile "iliyokufa" inauzwa kwa bei ya vipande. Kumbe mara nyingi hakuna kilichoharibika. Apareyi na karte zilitengenezwa katika miaka tofauti, na hazijui kusalimiana.

Shida hii haitapungua. Apareyi tunazotumia zinazidi kuzeeka, lakini karte zinazouzwa madukani zinazidi kuwa kubwa. Karte ya giga 1 au 2, ambayo zamani ilikuwa kila mahali, leo unaitafuta kama dawa. Ndani ya kabati ya kioo utaona 32, 64, 128, na muuzaji atakushauri uchukue kubwa kwa sababu "inabeba zaidi". Kwa simu, shauri lake ni zuri. Kwa apareyi ya mwaka 2005, ni pesa iliyotupwa.

Umbo moja, jamaa tofauti

Karte ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu: SanDisk, Toshiba na ile ya Matsushita ambayo leo tunaijua kwa jina la Panasonic. Tangu hapo upana wake na urefu wake havijabadilika, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa zote zinaingia katika tundu moja, mtu anadhani zote ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Karte iliyoandikwa SD tu, bila herufi nyingine, inafika giga 2. Mwaka 2006 ikaja SDHC, ambayo inapita giga 2 na kufika giga 32. Mwaka 2009 ikatangazwa SDXC, inayoanzia juu ya giga 32 na inaweza kufika tera 2. Iko pia SDUC ya mwaka 2018, lakini hiyo haituhusu hapa. Herufi hizo zimeandikwa kwenye karte yenyewe, ndogo, karibu na alama ya SD. Na apareyi nayo ina alama yake: iangalie kwenye mlango mdogo wa karte, au chini ya mashine, au katika kitabu chake.

Kanuni ni fupi: mashine mpya inasoma karte za zamani, lakini mashine ya zamani haisomi karte zilizokuja baada yake.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria mtu wa kupeleka barua katika mtaa. Zamani alifundishwa kuhesabu kila mlango, mmoja mmoja, kuanzia mwanzo wa avenue. Hiyo ndiyo SD ya kwanza: apareyi inaita kila bayiti kwa nambari yake. Mtaa ulipokuwa mkubwa mno, nambari zikaanza kukosekana, na wakuu wakaamua kwamba kuanzia sasa tunahesabu parseli, si milango. SDHC na SDXC zinahesabu hivyo, kwa vifungu vya bayiti 512. Zaidi ya hapo, karte mpya inaomba salamu maalumu wakati wa kuwashwa. Apareyi isiyoijua salamu hiyo inaachwa mlangoni. Ndiyo sababu kuifomati karte ya giga 8 ili ionekane kama giga 2 hakusaidii kitu. Unaweza kupunguza nafasi inayoonekana, lakini namna karte inavyohesabu haibadiliki. Ushauri huo unazunguka sana kati ya watu wa kazi hii, na unapotezea watu siku nzima.

Tuchukue mashine zinazojulikana. Nikon D40, iliyotoka mwishoni mwa 2006, tayari inakubali SDHC. Canon 450D ya 2008, Nikon D90 ya mwaka huo huo na D3000 ya 2009 zinakubali SD na SDHC, maana yake kikomo chake cha kawaida ni giga 32. Canon 550D na Nikon D3100, zote za 2010, zimefungua mlango kwa SDXC. Kwa hiyo, kama hujui mwaka wa apareyi yako wala huna kitabu chake, hesabu hivi: iliyotoka kabla ya 2006, tafuta giga 2 au chini, ya 2007 hadi 2009, simama kwenye giga 32, kuanzia 2010, nafasi ya kukubali giga 64 ni kubwa. Apareyi ndogo za mfukoni zilichelewa kuliko hizo kubwa, kwa hiyo alama ya mlangoni ndiyo yenye neno la mwisho. Baadhi ya apareyi za kwanza kabisa zinakataa hata giga 2 na zinataka giga 1.

Je, giga 2 inatosha kazi? Apareyi ya megapikseli 10 ikipiga JPEG ya ubora wa juu, picha moja inachukua kama mega 4. Hiyo ni karibu picha 500. Kwa ubatizo au kolasyo inatosha na kubaki. Kwa ndoa inayoanzia kwa meya asubuhi na kumalizika sali usiku, beba tatu. Kwa maoni yangu hata mwenye apareyi mpya angefanya vizuri kugawa ndoa kwenye karte mbili au tatu, kwa maana siku moja ikiharibika, hupotezi kanisa na sali pamoja.

Na mahali pa kuzipata ni penye karibu kuliko unavyofikiri: ndani ya simu za zamani. Zile simu za vibonye zilizokuwa na muziki zilitumia karte ndogo sana, microSD, za giga 1 au 2. Iweke katika adapta yake, na kwa apareyi ya zamani hiyo ni SD kamili ya kizazi chake. Fungua saraka ya nyumbani kabla ya kufungua pochi.

Giga 64 ndani ya mashine ya SDHC

Hapa kuna mlango wa nyuma, na inafaa kusema wazi kwamba si wa uhakika. Kati ya SD na SDHC kuna ukuta. Kati ya SDHC na SDXC ukuta ni mdogo zaidi, kwa sababu zote mbili zinahesabu kwa namna moja. Tofauti kubwa iko katika mpangilio wa mafaili: SDHC inatoka kiwandani ikiwa na FAT32, na SDXC inatoka na exFAT, ambayo apareyi ya 2008 haijawahi kuisikia. Ukiifomati giga 64 katika FAT32, apareyi nyingi za SDHC zinaikubali na kufanya kazi.

Shida ni kwamba Windows, kwa menyu yake ya kawaida, haikuonyeshi FAT32 kama karte inapita giga 32. Inahitaji programu nyingine. Rufus, ambayo ni ya bure, inaweza. Apareyi fulani zinaweza pia kuifomati karte hiyo zenyewe ukizijaribu. Ikikubali, piga picha nyingi kwanza, jaza karte kabisa, angalia kama za mwisho zinafunguka, ndipo uende nayo kazini. Ikikataa, hakuna dawa nyingine. Sisi tunasema: kama giga 32 ya SDHC inapatikana sokoni, na bado inapatikana, hakuna sababu ya kujaribu bahati kwenye ndoa ya watu.

Wengine wameongezewa uwezo na kampuni zenyewe, kwa sasisho la programu ya ndani ya apareyi. Inafaa kuangalia kwenye ukurasa wa kampuni kama mashine yako iko na sasisho. Lifanye batri ikiwa imejaa, kwa maana umeme au batri ikikatika katikati, hapo apareyi inaweza kufa kweli.

Kabla ya kulaumu kizazi

Kuna mambo madogo yanayofanana na ugonjwa mkubwa. Pembeni kushoto mwa karte ya SD kuna kifungo kidogo cha kusukuma. Kikishuka, karte imefungwa: picha zinaonekana lakini huwezi kupiga mpya. Kifungo hicho kinashuka chenyewe wakati wa kuingiza, hasa kwenye karte iliyochoka, na kinaweza hata kuanguka kabisa. Kipande kidogo cha skochi mahali pake kinaokoa siku.

Adapta ya microSD nayo inazeeka. Vyuma vyake vya ndani ni vyembamba, na mtu anayetoa karte kila jioni ili aangalie picha kwenye simu anavimaliza haraka. Kabla ya kusema karte ni mbaya, jaribu adapta nyingine. Vyuma vya karte vipanguse kwa kitambaa kikavu kisafi. Mate, hapana.

Kisha kuna simu. Simu za Android, kuanzia toleo la 6, zinaweza kuifanya karte kuwa sehemu ya memori yao ya ndani. Ukikubali bila kusoma, simu inafunga karte kwa siri yake, na tangu hapo apareyi na ordinatere hazioni kitu ndani. Karte haijaharibika, lakini ili apareyi iitumie itabidi ifomatiwe upya, na kila kilichokuwa ndani kinakwenda.

Ordinatere nayo inasingiziwa, au inasingizia wengine. Laptopu ya zamani ina tundu la karte lililotengenezwa kabla ya SDHC, kwa hiyo apareyi inapiga picha vizuri, lakini laptopu inasema hakuna kitu. Watu wanakimbilia kufomati. Usifanye hivyo: tumia kebo ya USB ya apareyi yenyewe, au nunua lekteri ndogo mpya ya USB. Kwa Windows XP, ambayo bado inaendelea katika studio fulani, exFAT haisomeki bila sasisho lake maalumu.

Ekra ikiandika "Err 02" kwenye Canon, maana yake ni shida kati ya apareyi na karte. "CHA" kwenye Nikon ni vilevile lawama kwa karte, na "For" inayowaka na kuzima inaomba ifomatiwe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema apareyi imekufa.

Zisizo SD

Apareyi kubwa za miaka ya 2003 hadi 2007, kama Canon 300D, 350D na 400D, au Nikon D70, hazitumii SD. Zinatumia CompactFlash, ile karte nene iliyotengenezwa na SanDisk mwaka 1994. Hiyo ni ngumu, inavumilia, na bado inapatikana kwa kutafuta. Hatari yake iko ndani ya apareyi: vipini 50 vyembamba vinavyoingia katika matundu ya karte. Ukiilazimisha ikiwa imegeuka, kipini kimoja kinapinda na kazi imesimama. Fundi mwenye macho na koleo ndogo anaweza kukinyoosha, lakini kikikatika, gharama yake inaweza kupita bei ya apareyi. Angalia ndani kwa tochi ya simu kabla ya kununua apareyi kama hiyo.

Olympus na Fujifilm walikuwa na karte yao, xD, tangu 2002, nayo haikupita giga 2. Sony walikuwa na Memory Stick tangu 1998, na mpaka 2010 ndipo walipoanza kukubali SD. Ukikutana na apareyi ya xD kwa bei nzuri ya okazyo, iulize kwanza karte yake iko wapi. Bila karte, unanunua pambo.

Karte inayodanganya

Yote yaliyotangulia yanaleta kero, lakini hili linaleta hasara isiyolipika. Kuna karte zinazouzwa zikiwa zimeandikwa giga 64 au 128, na ndani yake kuna giga 8, au hata chini. Aliyezitengeneza amebadilisha programu ndogo ya ndani ili iseme uongo. Apareyi ikiuliza "una nafasi ngapi?", karte inajibu 64. Simu inaamini, ordinatere inaamini.

Mwanzoni kila kitu kinakwenda. Picha za kwanza zinaingia na zinafunguka. Ukipita ukubwa wa kweli, karte inaendelea kusema "nimepokea", lakini inaandika juu ya za zamani, au haiandiki mahali popote. Jina la faili linabaki, tarehe inabaki, pengine hata picha ndogo ya kuonyesha inabaki. Ukiifungua, ni rangi ya kijivu au nusu ya bibi arusi. Mpiga picha anagundua nyumbani, wakati hema zimeshushwa na wageni wamerudi vijijini. Na hapo hakuna fundi wa kumkimbilia, kwa maana picha zile hazikuandikwa kamwe.

Usichanganye uongo huo na hesabu ya kawaida. Karte halali ya giga 64 inaonekana kama 59 kwenye Windows, na ya 32 inaonekana karibu 29,8. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, na ordinatere inahesabu kwa 1024. Hakuna aliyekuibia.

Kupima kunawezekana bila pesa. Kwenye Windows kuna programu inayoitwa H2testw, na kwenye Linux kuna F3. Zinaijaza karte yote, kisha zinasoma tena kila kitu na kulinganisha. Giga 64 inaweza kuchukua saa moja au zaidi, kwa hiyo hakikisha kuna umeme. Karte iwe tupu unapoanza. Asiye na programu hizo anaweza kujaza karte kwa nakala za video mpaka mwisho, aitoe, airudishe, kisha afungue zile za mwisho moja moja. Patana na muuzaji kabla ya kulipa: nitaipima leo, kama si giga zilizoandikwa, nairudisha kesho. Muuzaji mwaminifu hukubali, kwa sababu naye anaweza kuwa amedanganywa na aliyemletea mzigo.

Picha zikipotea

Apareyi ikikuomba kufomati na ndani mna picha ambazo hujazitoa, zima apareyi na utoe karte. Sukuma kifungo cha kufunga. Usipige picha nyingine hata moja juu yake, kwa maana kila picha mpya inaweza kukaa juu ya ile unayoitafuta. PhotoRec, programu ya bure, inasoma karte kipande kwa kipande na kutoa picha zilizobaki, hata kama orodha ya mafaili imevurugika. Picha zinazookolewa zipeleke kwenye diski ya ordinatere, si kwenye karte ile ile. Hata karte iliyofomatiwa kwa makosa ndani ya apareyi, mara nyingi picha zake bado zipo, maana kufomati huko kwa kawaida kunafuta orodha tu na kuacha yaliyomo. Majina ya mafaili yatapotea. Hilo ni jambo dogo.

Sababu kubwa ya vurugu hizo ni haraka. Taa ndogo karibu na mlango wa karte ikiwaka, apareyi bado inaandika. Kuitoa karte wakati huo, au kuiacha batri iishe katikati ya picha, ndiyo njia fupi ya kuvuruga orodha. Na ukishahamisha picha, fomati karte ndani ya apareyi itakayoitumia, si kwenye simu wala kwenye ordinatere.

Kwa anayekwenda kununua apareyi ya okazyo wiki hii: beba karte zako mwenyewe mfukoni, moja ya giga 2 na moja ya giga 32, na batri iliyojaa kama unajua modeli. Piga picha ishirini papo hapo mbele ya muuzaji. Zima, washa, ziangalie. Kisha toa karte na uzifungue kwenye simu yako au kwenye ordinatere ya jirani yake. Yote hayo hayachukui dakika kumi, na muuzaji akikataa usubiri, okazyo nyingine itakuja.